Uzi: Kuhamia Mtwara mjini na watoto watatu, shule nzuri ya serikali tunaipataje?

Mama Watatu

Habari zenu wadau. Familia yetu inahamia Mtwara mjini Januari, tunatokea Mwanza kwa uhamisho wa kikazi. Mkubwa anaingia kidato cha pili, wa kati anaingia darasa la tano, mdogo ndiyo anaanza awali. Wote tunataka wasome shule za serikali, za kutwa. Nyumba bado hatujapanga. Naomba wenye uelewa mnielekeze: naanzia ofisi ipi, shule nzuri mtu unaitambuaje ukiwa mgeni, karatasi zipi nisiondoke Mwanza bila hizo, na gharama zipi zinakuja baadaye. Natanguliza shukrani.

Chaki Nyeupe

Karibu sana Mtwara dada. La kwanza kabisa: msilipie nyumba kabla hamjachagua shule. Wageni wengi hufanya kinyume, wanalipa kodi ya miezi sita Chuno au Magomeni kwa sababu nyumba imewapendeza, halafu wanaanza kuhangaika kumpeleka mtoto shule iliyo upande wa pili wa mji. Shule ya msingi ya serikali inahudumia kwanza watoto wa mitaa yake. Ukitokea mtaa wa mbali, mwalimu mkuu ana haki ya kukuuliza kwa nini umeipita shule ya jirani yako, na darasa likiwa limejaa hana la kukusaidia.

La pili ni mipaka, na hapa watu hupotea sana. Jina "Mtwara" linabeba halmashauri mbili zinazopakana. Ipo Manispaa ya Mtwara-Mikindani, ndiyo mji wenyewe: Shangani, Ligula, Chikongola, Vigaeni, Majengo, Reli, Rahaleo, Likombe, Ufukoni, Naliendele hadi Mikindani. Na ipo Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara, yenye Msangamkuu, Ziwani, Nanguruwe, Madimba, Msimbati na hata Hiari kwenye kiwanda cha saruji. Kila halmashauri ina mkurugenzi wake na maafisa elimu wake. Ukivuka pantoni kwenda Msangamkuu, maji yale unayaona madogo, lakini umeshaingia halmashauri nyingine. Kwa hiyo kabla ya kuandika barua yoyote, hakikisha shule unayoitaka iko upande gani, la sivyo barua italala kwenye ofisi isiyohusika.

Ukishafika mjini anzia kwa Afisa Elimu Kata. Huyu ndiye anayejua shule zote za kata yake kwa undani: ipi ina walimu pungufu, ipi imeongezewa madarasa, ipi inasoma kwa zamu mbili. Mkurugenzi utamfikia baadaye, kwa mhuri. Muulize maswali matatu tu ya mwanzo: darasa la tano lina mikondo mingapi na wanafunzi wangapi kila mkondo, walimu wako wangapi kwa jumla, na darasa la awali lina mwalimu wake mwenyewe au linashikwa na mwalimu wa darasa la kwanza. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 shule ya msingi, na mmoja kwa 25 awali. Shule nyingi za mjini zinazidi hapo, hilo ulijue mapema. Unachotafuta ni shule iliyozidi kidogo, uiache ile ambayo mkondo mmoja una watoto 100 na zaidi. Darasa likifika hapo mwalimu hawezi tena kusahihisha kila daftari kila siku, hata awe na moyo wa namna gani.

Karani wa Masijala

Mimi niongelee karatasi, maana ndizo zinazowakwamisha watu.

Uhamisho wa mkoa hadi mkoa una ncha mbili, na ncha ya kupokea ndiyo ya kuanza nayo. Upate kwanza shule ya Mtwara inayokubali kwamba nafasi ipo. Wengine wanaanza kuchukua uhamisho Mwanza wakiwa hawana shule mkononi, wanafika huku mtoto ameshaondolewa kule na huku hajapokelewa.

Kwa wa darasa la tano: unamwandikia barua mwalimu mkuu wa shule anayosoma sasa, unaeleza sababu na shule anayokwenda, unaambatisha nakala ya barua yako ya uhamisho wa kikazi. Mwalimu mkuu anajaza fomu ya uhamisho. Inapita kwa Afisa Elimu wa halmashauri ya huko, halafu kwa Afisa Elimu Mkoa kwa sababu mnavuka mkoa. Ikifika huku inapita kwa Afisa Elimu Mkoa wa Mtwara, inashuka manispaa, ndipo shule. Mihuri yote iwepo. Muhuri mmoja ukikosekana unarudishwa, na kutoka Mtwara hadi Mwanza si safari ya kwenda kufuata muhuri.

Sasa jambo ambalo wazazi hawaambiwi: karatasi peke yake haitoshi. Kila mwanafunzi wa shule ya msingi ana namba yake kwenye mfumo wa Baraza la Mitihani unaoitwa PReM. Namba hiyo anatembea nayo. Jina lake lazima lihamishwe kwenye mfumo kutoka shule ya zamani kwenda mpya. Likibaki kule, mtoto atasoma huku vizuri kabisa, atafanya mazoezi, atapanda darasa, na tatizo litaonekana siku ya kusajili watahiniwa: jina lake linasomeka shule ya Mwanza, huku hayumo. Basi kabla hujaondoka muombe mwalimu mkuu akuandikie namba ya PReM kwenye barua, na ukifika huku, wiki ya pili au ya tatu, rudi kwa mwalimu wa taaluma umuulize kwa upole kama jina limeshaonekana kwenye mfumo wake. Usisubiri waje kukuambia.

Vingine vya kubeba, vyote vikiwa na nakala tatu: cheti cha kuzaliwa, ripoti za maendeleo za mihula miwili ya mwisho, matokeo ya upimaji wa darasa la nne, na picha ndogo za paspoti. Majina yawe yanafanana herufi kwa herufi kwenye cheti na kwenye mfumo. "Mohamed" na "Mohamedi" kwa mashine ni watoto wawili. Kama kuna tofauti, irekebishwe kule kule anakojulikana, kabla ya kuhama.

Wa awali yeye hana uhamisho, anaandikishwa tu. Uandikishaji huanza mwezi wa kumi na huendelea hadi shule zifunguliwe. Umri wa awali ni miaka mitano, darasa la kwanza sita. Cheti cha kuzaliwa kikiwa bado, nenda na kadi ya kliniki, mtoto aandikishwe huku unafuatilia cheti RITA, wakala wa serikali wa vizazi na vifo.

Takwimu Huru

Kuhusu kuipima shule ukiwa bado uko Mwanza: tovuti ya Baraza la Mitihani ina matokeo ya kila shule, unachagua mkoa, halmashauri, kisha shule. Tangu mwanzoni mwa 2023 Baraza liliacha kutangaza shule kumi bora, na lilifanya vyema, kwa hiyo kulinganisha ni kazi yako mwenyewe. Nitaeleza jinsi ya kusoma, kwa sababu wengi wanaangalia wastani wa juu wanafunga.

Mtihani wa darasa la saba una masomo sita, kila somo alama 50, jumla 300. Wastani wa shule ukiwa kati ya 121 na 180 shule iko daraja C, 181 hadi 240 ni B, kuanzia 241 ni A. Sawa. Lakini wastani unaficha mambo. Shuka chini kwenye orodha ya watahiniwa, kila mmoja ana daraja kwa kila somo. Hesabu wenye A, B na C kwenye English, halafu Hisabati. Shule nyingi za serikali zinabebwa na Kiswahili na masomo ya jamii. Wastani unapanda huku watoto wengi wana D na E za English. Mtoto huyo akiingia kidato cha kwanza, ambako kila kitu kinafundishwa kwa Kiingereza isipokuwa Kiswahili na machache mengine, ndipo anapoanza kuzama. Ukipata shule ya serikali ambayo angalau nusu ya watoto wana C kwenda juu kwenye English, na imefanya hivyo kwa miaka mitatu mfululizo, ishike.

Miaka mitatu naisema kwa makusudi. Mwaka mmoja mzuri unaweza kuwa wa mwalimu mmoja aliyeshika darasa lile na sasa amehamishwa.

Kisha fanya hesabu hii, ndiyo ninayoiamini kuliko zote. Chukua upimaji wa darasa la nne wa mwaka fulani, angalia waliosajiliwa. Halafu chukua darasa la saba la miaka mitatu baadaye, shule ileile, angalia waliofanya mtihani. Kwa mfano darasa la nne walikuwa 150, darasa la saba wamefanya 105. Wale 45 wamekwenda wapi? Wengine wamehama kihalali, wengine wamerudia darasa, lakini pengo kubwa linalojirudia kila mwaka ni dalili ya utoro ambao hakuna anayeufuatilia. Shule yenye wastani wa kawaida lakini inayowavusha karibu watoto wake wote ni bora kwa mtoto wako kuliko yenye wastani wa juu iliyoachwa na theluthi ya darasa.

Sekondari usomaji ni tofauti. Shule inapewa GPA, yaani wastani wa ufaulu wake, na hapo namba ndogo ndiyo nzuri: 1 ni juu kabisa, 5 ni chini. Nimeona watu wanasifia shule yenye GPA ya 4 wakidhani tano ndiyo bora. Angalia pia mgawanyo wa madaraja. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17, la pili 18 hadi 21, la tatu 22 hadi 25, la nne 26 hadi 33, sifuri 34 na 35. Shule ambayo robo tatu ya watahiniwa wako daraja la nne na sifuri, hata kama ina wawili wa daraja la kwanza, wale wawili wamejipigania wenyewe. Na hesabu ni wangapi wamefanya Fizikia na Kemia. Wakiwa wanane kati ya 120, basi ama mwalimu hayupo au maabara ni jengo tu.

Mama Watatu

Mungu awabariki, haya sikuyajua kabisa. Maswali mawili. Nimepiga simu shule moja, mwalimu mkuu anasema darasa la tano limejaa. Ndiyo mwisho? Na wa darasa la tano anasoma mtaala mpya, je, akihama kuna shida?

Chaki Nyeupe

Shida haipo, mtaala ni mmoja nchi nzima. Ulianza Januari 2024 kwa awali, darasa la kwanza na la tatu, ukawa unapanda nao. Kwa hiyo mwaka 2026 darasa la tano ni la mtaala mpya na la sita bado la zamani. Jambo la kuangalia ni vitabu: muulize mwalimu wa taaluma vitabu vya darasa la tano vya mtaala mpya vimefika nakala ngapi, na watoto wangapi wanasomea kitabu kimoja. Mtoto wako atamaliza msingi darasa la sita mwaka 2027, mwaka uleule ambao walio mbele yake wanamaliza la saba. Makundi mawili yataingia kidato cha kwanza pamoja Januari 2028. Ndiyo maana naona ni busara kuchagua mtaa ambao una sekondari ya kata inayoeleweka karibu, na uanze kuitazama tangu sasa kama inaongeza madarasa.

Kuhusu kujaa: si mwisho. Kujaa kunasemwa kwa simu, na kwa simu mwalimu mkuu hajui wewe ni nani. Nenda mwenyewe, ukiwa na barua ya uhamisho wa kikazi. Akisema hakuna nafasi, muombe akuelekeze kwa Afisa Elimu Kata, mpate shule ya pili kwenye kata hiyohiyo. Kila mtoto ana haki ya kupata shule. Hana haki ya kupata shule moja mahususi. Usitoe chochote mkononi ili nafasi "ipatikane". Nafasi ya shule ya serikali hainunuliwi, na ukiombwa fedha peleka taarifa kwa afisa elimu wa manispaa au TAKUKURU.

Bandari ya Zamani

Naongeza kuhusu kuitembelea shule, maana matokeo yanakuambia jana tu.

Nenda siku ya kawaida ya katikati ya wiki, uwe getini saa moja na robo asubuhi. Simama nje utazame. Walimu wangapi wameingia kabla ya mstari? Watoto wanaochelewa wanapokelewaje? Kengele ikilia, madarasa yanatulia baada ya muda gani? Kisha ingia ofisini ujitambulishe vizuri, Mtwara tunaheshimiana: shikamoo kwa anayestahili, kaa ukikaribishwa, eleza shida yako taratibu. Mwalimu mkuu anayejivunia shule yake atakutembeza mwenyewe.

Ukitembezwa, tazama vyoo kabla ya madarasa. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Hesabu matundu yanayotumika, yaliyofungwa kwa kufuli usiyahesabu. Uliza kama wasichana wakubwa wana chumba cha kujihifadhi chenye maji. Maji yenyewe yanatoka wapi: bomba, tenki la mvua, au watoto wanakuja na chupa na ndoo? Shule isiyo na maji hukatisha vipindi kwa sababu watoto wanatumwa kuyafuata.

Kisha daftari. Hapa ndipo penye ukweli wote. Omba kuona madaftari mawili matatu ya Hisabati ya darasa la tano, au kama unaona aibu kuomba, zungumza na mzazi wa jirani umwombe mwanawe akuonyeshe. Fungua kuanzia nyuma. Tafuta kalamu nyekundu. Tarehe ya mwisho iliyosahihishwa ni lini? Mazoezi mangapi kwa wiki? Mwalimu ameweka vema na kosa tu, au ameandika "rudia swali la 3" na mtoto amerudia kweli chini yake? Ukiona masahihisho yamefanywa na mtoto na mwalimu akarudi kuyapitia tena, hapo pana mwalimu. Ukikuta kurasa kumi na tano za maandishi yaliyonakiliwa ubaoni bila alama hata moja ya nyekundu, rangi mpya ya ukuta isikuvutie.

Ubao wa matangazo nao usomwe. Ruzuku ya uendeshaji inayoingia shuleni na matumizi yake vinatakiwa vibandikwe watu waone. Ubao wenye karatasi ya mwezi huu unaonyesha kamati ya shule inakaa vikao.

Na uliza adhabu. Kanuni ziko wazi: viboko visizidi vinne, viidhinishwe na mkuu, viandikwe kwenye daftari la adhabu, na msichana achapwe na mwalimu wa kike. Shule ambayo kila mwalimu anatembea na fimbo haifuati kanuni, na mtoto wa awali atachukia shule kabla hajajua herufi.

Dada wa Mikindani

Naomba kuongeza vitu vya huku kwetu ambavyo mgeni kutoka Kanda ya Ziwa hatavijua.

Msimu wa korosho. Kuanzia Septemba hadi Desemba fedha na kazi zote za vijijini ziko mashambani na kwenye minada. Mjini kati huwezi kuona tofauti kubwa, lakini shule za pembezoni kama Naliendele, Mtawanya, Mitengo na huku kwetu pembeni ya Mikindani, watoto wengine wanakwenda kuokota korosho na wazazi. Muulize mwalimu mahudhurio ya Oktoba yakoje, asikupe ya Februari. Na wakati huo ndio wa mitihani ya mwisho wa mwaka.

Jando na unyago. Hufanyika likizo ya Juni na hasa Desemba, na viongozi wa mkoa wamekuwa wakisisitiza zisivuke tarehe za kufungua shule. Mtoto wako hatahusika kama hamtaki, lakini wenzake darasani watahusika, na Januari baadhi wanachelewa kurudi. Shule nzuri inakuwa na mpango: wiki mbili za kwanza za kurudia, na walimu wanawafuata nyumbani wasiorudi, hasa wasichana. Uliza swali hilo moja kwa moja.

Mvua. Huku msimu ni mmoja, unaanza Novemba au Desemba hadi Aprili. Mnafungua shule katikati ya mvua. Njia unayoiona kavu Agosti inaweza kuwa dimbwi Februari. Tembea njia ya mtoto kwa miguu, pamoja naye, kabla ya kuamua. Na kama inakatiza barabara kuu, tazama wapi anavukia. Mtoto wa awali asizidi nusu saa ya kutembea kwa hatua zake. Bajaji ya mkataba ipo, watoto watano sita wa mtaa mmoja mnachangia, lakini dereva umjue kwa jina, mtaa anaoishi na namba ya kitambulisho, na muafikiane watoto wangapi asizidishe.

Joto nalo. Darasa lisilo na dari chini ya bati, saa saba mchana Novemba, hakuna anayesoma. Angalia kama kuna dari, madirisha yanayopitisha upepo wa bahari, na miti uwanjani.

Mzazi wa Kamati

Michango. Elimu bila malipo ilianza Januari 2016 kufuatia Waraka Namba 5 wa 2015. Ada hakuna, awali hadi kidato cha nne, na kuanzia 2022 hata kidato cha tano na sita. Serikali inapeleka ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka na 25,000 kwa wa sekondari, na sehemu yake hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Kinachofika shuleni ni kidogo, ndiyo maana michango haiishi.

Ya mzazi ni haya: sare, viatu, madaftari, kalamu, matibabu, nauli, na chakula kwa wa kutwa. Sare ya msingi ni shati jeupe na kaptula au sketi ya bluu; sweta na nembo ndivyo vinavyotofautiana shule na shule, hivyo mashati mnayotoka nayo Mwanza msiyatupe. Shoneni pea mbili, moja itakuwa inakauka. Msishone ya sekondari kabla ya kuona fomu ya kujiunga, rangi za sekondari ni za kila shule.

Mchango mwingine wowote lazima uwe umepitishwa na wazazi kwenye mkutano na kibali cha mkurugenzi kiwepo. Uji wa shule ndio wa kawaida zaidi, kwa fedha au kwa mahindi. Uchangie. Mtoto anayekunywa uji saa nne anamaliza vipindi, na awali bila uji wanalala darasani. Lakini omba kuona muhtasari wa kikao, na udai stakabadhi ya malipo ya serikali yenye namba ya kumbukumbu. Kuandikwa kwenye daftari tu haitoshi. Na mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu mzazi hajachangia. Hilo limekatazwa kwenye waraka. Likitokea, nenda kwa Afisa Elimu Kata siku hiyohiyo, kwa utulivu, bila kugombana mbele ya mtoto.

Karani wa Masijala

Nirudi kwa mkubwa, wa kidato cha pili, kwa sababu huyo ndiye mwenye saa inayokwenda mbio. Mwakani ana upimaji wa taifa wa kidato cha pili, Novemba. Usajili wa watahiniwa hufanyika mapema mwaka huohuo, na ukishafungwa, kuhamisha mtahiniwa kunakuwa kugumu mno. Yeye karatasi zake zitangulie za wadogo zake. Mwandikieni mkuu wa shule Mwanza kabla shule hazijafungwa Desemba, maana likizo ofisi za shule hazina mtu wa kusaini.

Abebe na alama zake zote za kidato cha kwanza zenye muhuri. Baadaye, kwenye kidato cha nne, alama endelevu zinachangia asilimia 30 ya mtihani, na upimaji wa kidato cha pili umo humo. Hakikisha pia shule mpya inafundisha masomo anayoyasoma sasa. Akiwa anasoma Biashara au Kompyuta na shule mpya haina, mjue kabla. Na kama yuko mkondo wa amali, yaani wa ufundi, lazima shule mpya iwe na fani yake ileile. Umeme haubadilishwi na ushonaji katikati ya safari.

Wengi wataulizia Mtwara Ufundi na Mtwara Wasichana. Hizo ni shule kongwe na zinapokea wanafunzi waliopangwa kitaifa. Kuingia kwa uhamisho kunategemea nafasi na ufaulu, msiweke matumaini yote hapo. Sekondari za kutwa za manispaa kama Rahaleo, Shangani, Sabasaba, Chuno, Umoja, Naliendele na Mikindani ndizo za kuangalia kwa hesabu aliyotoa Takwimu hapo juu.

Kipepeo wa Kusini

Heshima yenu wote. Naomba kuuliza kwa niaba ya wengine: mtoto mwenye ulemavu, je? Na sisi wa Lindi utaratibu ni huuhuu?

Chaki Nyeupe

Ni huuhuu mkuu. Lindi nayo angalia mipaka: Manispaa ya Lindi na Halmashauri ya Mtama ni mbili tofauti, na manispaa inafika mbali kuliko mji unavyoonekana, hata Mingoyo na Mnazi Mmoja zimo. Anayehamia pale Mnazi Mmoja, kwenye njia panda ya Masasi, asidhani yuko Mtama.

Kwa mwenye ulemavu usianzie shuleni. Anzia kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri. Mtoto afanyiwe upimaji wa macho, masikio na uelewa, halafu apangiwe: shule ya kawaida yenye marekebisho, shule yenye kitengo, au ya bweni. Ukifika kwenye kitengo uliza mwalimu aliyesomea ulemavu huo yupo au ni wa kujitolea, na vifaa vinavyofanya kazi ni vingapi: mashine za nukta nundu za wasioona, vifaa vya usikivu na betri zake. Mtoto mwenye uoni hafifu tu mara nyingi anahitaji kukaa dawati la mbele na maandishi makubwa, hana haja ya kupelekwa mbali na nyumbani. Mwenye ualbino aruhusiwe kofia na mikono mirefu hata kama sare ni mikono mifupi, na dawati lisiwe dirishani.

Mama Watatu

Nimeelewa. Basi mpangilio wangu: wiki hii barua ya mkubwa, halafu namba ya PReM ya wa kati. Baba yao atatangulia Mtwara mwezi wa kumi na moja kutazama shule, nyumba ifuate. Tumependa upande wa Shangani au Ligula kwa sababu ya kazi yake. Kuna lolote la kumwambia?

Bandari ya Zamani

Mwambie aje kabla ya wiki ya mwisho ya Novemba, shule zikiwa bado zinasoma. Akija Desemba ataona majengo tu. Aanzie ofisi za kata za maeneo hayo mawili asubuhi, aombe kuonyeshwa shule mbili kila eneo, na aandike siku hiyohiyo: idadi ya watoto darasa la tano, matundu ya vyoo, tarehe ya mwisho ya kalamu nyekundu. Akipewa nafasi asiridhike na maneno; aombe barua ya kukubali yenye jina la mtoto, darasa, saini na mhuri, aipige picha na kukutumia papo hapo. Barua hiyo ndiyo utakayoambatisha kwenye maombi yako huko Mwanza. Na amuulize mwalimu wa awali mkutano wa wazazi wapya ni tarehe ngapi Januari, mara nyingi ni kabla ya wiki ya kwanza kuisha, na hapo ndipo uji unapopangwa.

Mama Watatu

Ameshakata tiketi, anafika huko tarehe 10 Novemba. Nitaleta majibu ya maeneo yote mawili hapahapa.